Kisa cha Nicolae Dobrin: fundi wa mpira aliyebaki Pitești

Wakitajwa wachezaji waliotumikia klabu moja maisha yao yote, majina huwa yaleyale: Francesco Totti wa Roma, Paolo Maldini wa Milan, Ryan Giggs wa Manchester United. Mara mojamoja hutokea mtu mwenye kumbukumbu ndefu akaongeza la Nicolae Dobrin, kiungo wa Romania aliyeichezea FC Argeș ya mji wa Pitești kuanzia mwaka 1962. Hapo ndipo ubishi huanza. Wapo wanaosema Dobrin asiwekwe meza moja na Totti, kwa sababu Totti alitakiwa na Real Madrid akakataa kwa hiari yake, ilhali Dobrin alitakiwa na Real Madrid hiyohiyo na waliokataa ni wakubwa wa nchi yake. Aliyefungiwa ndani, wanasema, hasifiwi kwa kutotoka.

Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Lakini naona inaangalia mlango mmoja tu, ule wa kwenda nje, na mlango huo ulifungwa kwa karibu kila mchezaji wa Romania ya wakati ule. Kuna mlango wa pili ambao Dobrin aliishi nao miaka yote akiwa kileleni, nao ulikuwa wazi, tena kulikuwa na watu wa kumvuta mkono apite: mlango wa Bucharest, yaani kuhamia klabu kubwa za mji mkuu. Uaminifu wake upimwe hapo. Ukiupima hapo, unakuta mtu aliyelipa gharama kubwa kwa kubaki kwao, na sehemu ya gharama hiyo tunaweza kuihesabu kwa mataji na mechi za timu ya taifa.

Kijana wa Pitești

Dobrin alizaliwa Pitești tarehe 26 Agosti 1947. Mji uko kando ya mto Argeș, kaskazini-magharibi mwa Bucharest, zaidi kidogo ya kilomita 100 kutoka mji mkuu. Haukuwa mji wa soka. Klabu yenyewe ilianzishwa mwaka 1953, Dobrin akiwa mtoto anayeelekea miaka sita, kwa hiyo yeye na timu walikua pamoja. Julai 1962 alipangwa katika mechi ya Divizia A, ligi kuu ya Romania, hajatimiza hata miaka 15.

Mwaka 1965 timu ilifika fainali ya Kombe la Romania, ikafungwa 2-1 na Știința Cluj. Mwaka uliofuata ndipo tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa Romania ilipoanza kutolewa, na wa kwanza kuipata alikuwa huyo kijana wa miaka 19 kutoka mkoani. Akaipata tena 1967, na mara ya tatu 1971.

Alichezaje? Dobrin hakuwa mtu wa mbio. Alikuwa mchezeshaji wa aina ambayo makocha wa leo wangemwekea wakimbiaji wawili pembeni yake ili yeye abaki na kazi ya kufikiri. Alipokea mpira, akausimamisha kabisa chini ya guu, akamsubiri beki aje. Beki akija anainamisha bega upande mmoja, beki anakwenda na bega, mpira unapita upande wa pili. Kilichowapandisha watu wazimu jukwaani ni kwamba baada ya kumpita mtu mara nyingine alipunguza mwendo ili huyohuyo amfikie, ampite upya. Pasi zake ndefu zilivuka upande mmoja wa kiwanja mpaka mwingine na kumkuta mwenzake hana haja ya kubadili hatua. Kwa namna alivyotembea na mpira walimbatiza Gâscanul, yaani bata bukini dume. Jina la heshima lilikuja baadaye: Mwanamfalme wa Trivale, kwa msitu na mtaa ulio jirani na uwanja wa klabu.

Mpira wa wenye nchi

Ili kukielewa kisa hiki lazima usahau mikataba, mawakala na dirisha la usajili. Romania ya kikomunisti haikuwa na mchezaji wa kulipwa, walau kwa jina. Kwenye makaratasi wote walikuwa wa ridhaa: huyu ameandikishwa kiwandani, yule jeshini, mwingine chuoni, mshahara unatoka huko na kazi anayoifanya ni mpira. Mchezaji hakuwa na mkataba unaomalizika akawa huru. Anayetaka kuhama anahitaji ridhaa ya klabu, na nyuma ya kila klabu kuna ofisi ya serikali au ya chama.

Katika ngazi hiyo ya ofisi, mbili zilikuwa juu ya nyingine zote. Steaua ilikuwa timu ya jeshi. Dinamo ilikuwa timu ya Wizara ya Mambo ya Ndani, wizara ya polisi na ya wale waliosikiliza simu za watu. Kijana akifikisha umri wa kwenda jeshini, Steaua walikuwa na njia halali kabisa ya kumvalisha jezi yao. Dinamo walikuwa na vyeo, nyumba na magari ya kumpa mtu, pamoja na ulinzi, na katika nchi ile ulinzi haukuwa jambo dogo. Mfano unaojulikana zaidi ni wa miaka ya baadaye: mwaka 1987 Gheorghe Hagi, nyota wa Romania, alichukuliwa na Steaua kutoka Sportul Studențesc kwa ajili ya mechi moja tu, ile ya Super Cup ya Ulaya dhidi ya Dynamo Kyiv. Alifunga bao pekee la ushindi, na Steaua hawakumrudisha.

Dobrin alikuwa karibu na mtego huu kuliko wengi wanavyodhani. Mpaka mwaka 1967 klabu yake iliitwa Dinamo Pitești, maana ilikuwa moja ya timu za mikoani zilizokuwa chini ya wizara ileile. Kumhamisha kijana kutoka Dinamo ya Pitești kwenda Dinamo ya Bucharest kulikuwa kama kumhamisha mtumishi kutoka idara moja kwenda nyingine. Romania wanasimulia kwamba klabu zote mbili kubwa zilimtaka, na ingekuwa ajabu zisimtake mchezaji bora wa nchi. Lakini mwaka 1967 ulipofika, klabu ikabadili jina kuwa FC Argeș, Dobrin alikuwa bado yupo Pitești, na miaka 14 mingine iliyofuata ikamkuta hapohapo.

Mtazame sasa Cornel Dinu. Alizaliwa Agosti 1948 huko Târgoviște, mji wa mkoani kama Pitești, na ni mdogo kwa Dobrin kwa mwaka mmoja tu. Mwaka 1966 alijiunga na Dinamo ya Bucharest na akabaki nayo mpaka alipotundika daluga mwaka 1983. Naye ni mtu wa klabu moja, na simwondolei heshima yake hata kidogo; alikuwa mchezaji mkubwa. Ila tazama alichokivuna: mataji sita ya ligi na mechi 75 za timu ya taifa, Kombe la Dunia likiwemo. Dobrin, aliyekuwa mchezaji bora wa mwaka mara tatu, alimaliza na mataji mawili na mechi 48, mabao sita. Wa Dinamo aliingia kila msimu akijua ubingwa ni jambo la kutarajiwa. Wa Pitești alijua wazi kwamba huenda usije kabisa.

Guadalajara, 1970

Gharama iliyoumiza kuliko zote ni ya Mexico. Romania ilifuzu Kombe la Dunia la 1970 baada ya kukosekana tangu 1938. Ikapangwa Guadalajara katika kundi gumu lisilosahaulika: England waliokuwa mabingwa watetezi, Czechoslovakia, na Brazil ya Pelé. Romania ilifungwa 1-0 na England, ikaifunga Czechoslovakia 2-1, na tarehe 10 Juni ikapoteza 3-2 kwa Brazil katika mechi iliyowapa heshima hata walioshindwa. Dobrin alikuwa na miaka 22. Alisafiri na kikosi, akakaa na kikosi, akarudi nyumbani bila kucheza hata dakika moja.

Kocha Angelo Niculescu alipenda timu yake iumiliki mpira na kuuzungusha taratibu mpaka mpinzani achoke. Ukiusikia mfumo huo, mtu wa kwanza utakayemfikiria ni Dobrin. Sababu zilizotajwa za kumweka nje zilihusu nidhamu. Ni kweli Dobrin alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara na alipenda kinywaji. Hilo halikuwa siri na mwenye kumpenda hana haja ya kulificha. Lakini benchi la timu ya taifa lilikuwa na uzito wa klabu pia. Nahodha alikuwa Mircea Lucescu wa Dinamo. Mchezaji wa mkoani akikosea hakuwa na jenerali wala waziri wa kumsemea, na mimi naamini kosa lilelile lingehesabiwa tofauti kwa mtu mwenye jezi ya Bucharest. Romania haikufuzu tena mpaka mwaka 1990. Kwa hiyo ile ndiyo ilikuwa nafasi yake pekee, nayo ikapita akiwa amekaa.

Wengine wangerudi kutoka Mexico na kuomba kuhamia mji mkuu keshoyake. Dobrin angekuwa na kila sababu. Yeye alirudi Pitești, mwaka uliofuata akawa tena mchezaji bora wa nchi, na msimu wa 1971/72 FC Argeș ikatwaa ubingwa wa kwanza katika historia yake, ikimaliza msimu chini ya kocha kijana Florin Halagian.

Real Madrid wanafika

Ubingwa huo ndio uliofungua Klabu Bingwa Ulaya. Raundi ya kwanza waliitoa Aris Bonnevoie ya Luxembourg. Raundi ya pili kura ikawaletea Real Madrid ya kocha Miguel Muñoz, klabu iliyokwisha kulibeba kombe hilo mara sita. Mechi ya mkondo wa kwanza ilichezwa Pitești tarehe 25 Oktoba 1972. FC Argeș walishinda 2-1, na Dobrin alifunga moja ya mabao hayo. Marudiano Madrid wiki mbili baadaye yaliisha 3-1, Real wakapita kwa jumla ya mabao 4-3. Timu ya mji wa mkoani ilitolewa na wafalme wa Ulaya kwa tofauti ya bao moja, na kila aliyekuwa uwanjani aliona ni nani aliyeziba pengo hilo.

Santiago Bernabéu, rais wa Real tangu mwaka 1943, alimtaka. Simulizi ya Romania, inayorudiwa mpaka leo mabarazani na magazetini, inasema ombi lilifika juu kabisa, kwa Nicolae Ceaușescu, mtawala wa nchi, na jibu likawa kwamba Dobrin ni mali ya taifa na mali ya taifa haiuzwi. Maneno kamili yawe hayo au mengine, matokeo yanajulikana: hakuenda. Alichopewa ni ladha tu. Desemba 1972 Real Madrid walimuaga Francisco Gento, winga aliyekuwa mchezaji pekee wa kushinda makombe yote sita ya Ulaya ambayo Real ilikuwa nayo, na katika mechi hiyo ya kirafiki Dobrin alivaa jezi nyeupe ya Real. Akaivua, akarudi Pitești, Divizia A ikaendelea.

Watu wa Afrika Mashariki wa umri fulani hawahitaji kuelezwa sana mambo haya. Yanga ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilinolewa na Mromania, Profesa Victor Stănculescu. Serikali ya Romania ilikuwa tayari kutoa makocha waende nje. Wachezaji walio kwenye ubora wao ilikuwa habari nyingine.

Nisiwe mwongo kuhusu Madrid. Naamini kama lango lingekuwa wazi mwaka ule, Dobrin angekwenda, na angefanya vizuri kwenda. Mchezaji wa miaka 25 mwenye kipaji kile alistahili kupimwa na walio bora duniani kila wiki, si mara mbili kwa bahati ya kura. Hagi alikwenda Real mwaka 1990, miezi michache tu baada ya utawala ule kuanguka, na kizazi chake kizima kikatawanyika Italia, Uhispania na Ujerumani. Dobrin mwaka huo alikuwa na miaka 42. Kumwita mwaminifu kwa sababu hakwenda Madrid ni kumpa Ceaușescu sifa asiyostahili, na ni kumfuta machozi Dobrin kwa kitambaa cha aliyemliza. Kwa hili nakubaliana kabisa na wale wabishi niliowataja mwanzo. Ninapotofautiana nao ni pale wanapodhani kisa kinaishia hapo.

Bucharest, mechi ya mwisho ya msimu

Mwaka 1979 Dobrin alikuwa anaelekea miaka 32. Alikuwa mzito kidogo, na mapafu yake hayakuwa ya kijana tena. Msimu ule FC Argeș ya Halagian ilikwenda kwenye mechi ya mwisho ikiongoza ligi, na mechi yenyewe ilikuwa Bucharest, dhidi ya Dinamo, waliokuwa wakiwafuata kwa karibu. Yaani kila kitu tulichokizungumza kiliwekwa katika dakika 90: timu ya mkoani dhidi ya timu ya wizara, kwenye mji wa wenyewe, kombe likiwa la mmoja kati ya hao wawili.

Ilikuwa mechi ya mabao saba. Dinamo walifunga matatu, na kwa timu nyingi za mikoani kufungwa matatu Bucharest kulikuwa mwisho wa habari. Argeș walijibu. Ilipofika 3-3, dakika za lala salama, mpira ukamfikia Dobrin, naye akafunga. 4-3. Ubingwa wa pili, uliochukuliwa mbele ya wale ambao kwa miaka 17 wangeweza kuwa waajiri wake. Sijui bao jingine katika soka la Romania ya kipindi hicho linalobeba maana nyingi kama hilo, na halikuwa la Kombe la Dunia wala la Ulaya.

Msimu uliofuata walirudi Klabu Bingwa Ulaya. Waliitoa AEK ya Athens, 3-0 nyumbani na kufungwa 2-0 ugenini, kisha wakakutana na Nottingham Forest ya Brian Clough, mabingwa watetezi, wakafungwa 2-0 na 2-1. Forest walikwenda kulitwaa tena kombe. Tangu 1979 FC Argeș hawajawahi kuwa mabingwa wa Romania tena. Vijana wenye kipaji wa mkoa ule siku hizi hupita tu: Adrian Mutu, mzaliwa wa mkoa wa Argeș aliyelelewa na klabu hiyo, alikuwa Dinamo kabla ya kutimiza miaka 21 na Inter Milan muda mfupi baadaye. Hakuna wa kumlaumu. Sheria zimebadilika na maisha ya mchezaji ni mafupi.

Dobrin alifariki hapohapo Pitești tarehe 26 Oktoba 2007, akiwa na miaka 60, kwa saratani ya mapafu. Uwanja wa klabu, uliokuwa ukiitwa 1 Mai, unaitwa kwa jina lake.

Limebaki pingamizi moja, na wenye takwimu hulipenda: Dobrin si mtu wa klabu moja kwa asilimia mia, kwa sababu mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa amemaliza karibu miongo miwili Argeș, alicheza kwa muda CS Târgoviște. Ni kweli, na katika mechi zake 409 za Divizia A na mabao 111 zimo za huko. Anayetaka orodha safi ana haki ya kumwondoa. Mimi simwondoi. Aliondoka akiwa mzee wa mpira, siku ambazo Steaua na Dinamo hawakuwa tena na haja naye, akaenda timu ndogo ya mji jirani, si kwa wakubwa. Na baada ya Târgoviște alirudi Argeș, akamalizia mpira wake akiwa na jezi ya Pitești.